Je, wajua: Kamanda wa vita vya Afghanistan alifikaje ndani ya MV Bukoba?

Kila Mei 21 watu wa Mwanza huwakumbuka waliolala Igoma. Yale ni makaburi ya abiria wa MV Bukoba, meli ya Ziwa Victoria iliyotoka Bukoba ikapitia Kemondo, kisha ikapinduka mwaka 1996 ikiwa njiani kuja Mwanza. Idadi rasmi ya waliokufa ni karibu 900, kwenye meli ya kubeba watu 430 hivi. Daraja la tatu halikuwa hata na orodha ya majina.

Daraja la pili alikuwamo Mmisri mmoja. Polisi wa zamani wa kwao, jina lake Ali Amin al-Rashidi, lakini wenzake walimwita Abu Ubaidah al-Banshiri. Alikuwa kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, ngazi moja tu chini ya Osama bin Laden. Mtu kama huyo alitafuta nini kwenye meli ya wachuuzi na mikungu ya ndizi?

Anza na jina. Kiarabu hakina "p", kwa hiyo Banshiri ni mtu wa Panjshir, bonde la Afghanistan alikopigana na Warusi. Na vita ile ililipiwa na wengi.

Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan Desemba 1979. Rais Jimmy Carter wa Marekani alikuwa ameshaidhinisha msaada kwa waasi waliopinga serikali ya kikomunisti ya Kabul tangu Julai mwaka huohuo, ila bado haukuwa wa silaha. Silaha zikafuata, na chini ya Ronald Reagan fedha zikafurika: mwaka 1987 peke yake, dola milioni 600 na zaidi. Saudi Arabia ikaahidi kulipa dola kwa kila dola ya Marekani. Mwanzoni zilinunuliwa silaha za muundo wa Kisovieti kutoka China na Misri, ili mkono wa mnunuzi usionekane. Zilishushwa Karachi, na hapo Wamarekani wakawaachia ISI, idara ya ujasusi ya Pakistan, kuamua nani apate nini.

Mambo yaliharibikia hapo. ISI haikugawa sawa. Kati ya vyama saba vya waasi vilivyokuwa na ofisi Peshawar, mji wa Pakistan, kipenzi chake kilikuwa cha Gulbuddin Hekmatyar, mwenye itikadi kali kuliko wengi. Baada ya Warusi kuondoka mwaka 1989, mtu huyo aliumiminia mji wa Kabul makombora. Jalaluddin Haqqani, kamanda mwingine wa waasi, naye alipokea fedha za Marekani. Miaka ya baadaye mtandao wake ukawaua askari wa Marekani. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji maelezo marefu: sangara aliletwa ili samaki waongezeke, akawamaliza wengi wa furu, samaki wadogo wa asili.

Vijiweni husemwa kwamba Marekani ilimlipa Osama. Hilo halijathibitishwa. Wapiganaji wa Kiarabu walikuwa na mfuko wao, michango ya matajiri wa Ghuba na misikiti. Walichopata kutokana na vita ile ni uwanja: kambi, mafunzo, kujuana, na imani kwamba dola kubwa inaweza kushindwa. Al-Qaeda ilizaliwa Peshawar mwaka 1988, vita ikielekea ukingoni.

Vita ilipoisha, makwao wengi hawakutakiwa. Osama akahamia Sudan, na kutoka Khartoum mtandao ukashuka hadi Nairobi, Mombasa na kwetu, watu wake wakijifunika kwa biashara. Al-Banshiri ndiye aliyekuwa akiusimamia. Mwezi uleule wa Mei 1996 Osama alifukuzwa Sudan akarudi Afghanistan. Kamanda wake akabaki huku, akapanda meli.

Mtu mmoja aliyesafiri naye aliokoka na mwaka 2001 akasimulia mahakamani New York. Kundi lilimtuma Mwanza Wadih el-Hage, mtu wao wa Nairobi, pamoja na Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro, wahakikishe kama kweli amekufa. Hebu wafikirie wakiulizauliza mjini, katikati ya ndugu wa marehemu waliokuwa wakitafuta maiti zao.

Nafasi ya al-Banshiri ilichukuliwa na Mohammed Atef, naye polisi wa zamani wa Misri. Agosti 7, 1998, mabomu ya al-Qaeda yalilipuka kwenye balozi za Marekani: Nairobi watu 213 wakafa, Dar es Salaam 11. Mwaka 2002 Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Viongozi wa Kiislamu na watetezi wa haki za binadamu wakailalamikia kwamba inawapa polisi madaraka mno.

Na Panjshir? Ahmad Shah Massoud, kamanda wa bonde lile lililompa al-Banshiri jina, aliuawa na watu wa al-Qaeda Septemba 9, 2001. Walijifanya waandishi wa habari, wakaficha bomu kwenye vifaa vya kamera.