Shahada ya ualimu: anza na salari slipu, ndipo ujaze fomu ya mkopo

Mzazi wa Urambo au Kasulu ambaye mtoto wake anataka kusomea ualimu huuliza ada kwanza. Mimi ningeanza na kitakachobaki mkononi tarehe ya mshahara, na muda wa kusubiri huo mshahara wa kwanza.

Hapa natumia viwango vya kuanzia vilivyokuwapo kabla ya nyongeza ya Julai 2022: mwalimu wa serikali mwenye stashahada (daraja la mshahara TGTS C.1) shilingi 530,000, wa shahada (TGTS D.1) shilingi 716,000. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini njia ya hesabu ni ileile, kwa hiyo weka tarakimu za mwaka wako.

Kwa macho shahada inaongeza 186,000. Sasa shuka na slipu ya mwenye shahada mstari kwa mstari. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua 5%, yaani 35,800. Kodi inapigwa kwenye kinachobaki baada ya mchango huo, 680,200: 270,000 ya kwanza haikatwi, 250,000 inayofuata inakatwa 8% (20,000), na 160,200 ya mwisho 20% (32,040). Kodi yote ni 52,040. Bima ya afya 3% ni 21,480, chama cha walimu 2% ni 14,320. Hadi hapo umebaki na 592,360.

Kisha inaingia Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, inayodai mkopo uliosomea. Makato yake ni 15% ya mshahara wa msingi. Wengi hupiga 15% ya kilichobaki, na hapo ndipo hesabu zao zinapoharibika. 15% ya 716,000 ni 107,400. Mkononi: 484,960.

Mwenzako wa stashahada asiye na deni, kwa makato hayohayo bila Bodi, anaondoka na 458,320. Mnapishana kwa 26,640 tu kwa mwezi. Deni likiisha, tofauti inaruka hadi 134,040. Faida ya shahada, basi, iko ng'ambo ya deni, na ukubwa wa deni ndio unaoamua utavuka lini.

Deni lenyewe linajengwa na nini? Sehemu kubwa ni bumu, yaani fedha ya kujikimu chuoni. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 240 ni 2,400,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 7,200,000. Ongeza ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo, deni la milioni 12 si la kushangaza. Juu yake kuna 1% ya uendeshaji, linakuwa 12,120,000. Ligawe kwa 107,400: takriban miezi 113, miaka tisa na miezi mitano, kama mshahara hausogei. Ukipanda, makato nayo yanapanda na muda unafupika.

Hapa ushauri wa walimu wa zamani unahitaji kuchujwa. Waliokopa zamani walitozwa 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwenye deni la milioni 12 hiyo ni 720,000 kwa mwaka, wakati makato yote ya mwaka kwa mfano wetu ni 1,288,800. Zaidi ya nusu ilikuwa inapotea kabla deni halijapungua, ndiyo maana wengi waliona halishuki. Tozo hiyo ilitangazwa kufutwa Mei Mosi 2021, na ikaondoka Julai mwaka huo. Leo deni la Bodi halizai. Kwa hiyo usichukue mkopo wa benki wenye riba ili ulifute. Utakuwa umebadilisha deni linalolala kwa deni linalokimbia.

Kusubiri ajira kunauma zaidi ya hayo yote. Tuseme mwenzako wa stashahada ameajiriwa mwaka mmoja kabla yako. Amekutangulia kwa 5,499,840. Katika miezi 113 ya deni unamfidia 3,010,320 tu, na 2,489,520 iliyobaki inakula miezi mingine 19 ya ile 134,040. Miaka 11 kazini ndipo mnalingana. Kwa sababu hiyo nasisitiza masomo ya kufundishia kuliko jina la chuo: Fizikia na Hisabati zina foleni fupi ya ajira, Historia na Kiswahili zina foleni ndefu. Anayependa masomo ya sanaa asiyaache, ila aingie akiwa na hesabu ya kusubiri mkononi.

Kwa aliye kazini tayari na stashahada, Chuo Kikuu Huria kina vituo Tabora na Kigoma, na mshahara unaendelea kuingia wakati unasoma. Pata kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, maana bila hiyo kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kutoka ngazi ya stashahada kwenda ya shahada, kunakuwa kesi ndefu. Na kama umeshapanda madaraja, usitegemee nyongeza ya papo hapo: unaweza kurudishwa daraja la kuanzia la shahada huku ukilindwa na mshahara binafsi, yaani ukiendelea kulipwa mshahara wako wa zamani usishuke.

Kosa linaloumiza walimu wapya hutokea miezi ya mwanzo. Bodi inaweza kuchelewa kuonekana kwenye slipu. Afisa wa benki anaona 592,360, anakumbuka kwamba mkononi isishuke chini ya theluthi ya mshahara wa msingi (238,667), anakupangia rejesho la 353,000. Unabaki na 239,360, na karatasi zote ziko sawa. Miezi michache baadaye 107,400 ya Bodi inaingia. Sasa una 131,960 ya kupanga chumba, kula na kusafiri, na hapo ndipo kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanapokupata. Dawa yake: kabla ya kusaini benki, toa 15% wewe mwenyewe hata kama slipu haijaionyesha.

Wanaofundisha shule binafsi nao wanapaswa kukatwa 15%. Slipu ikionyesha makato, usidhani fedha imefika. Omba taarifa ya deni kutoka Bodi kila baada ya miezi mitatu na uilinganishe na slipu, mwezi kwa mwezi. Majina yakitofautiana, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo itakayokutambulisha, iweke karibu.

Na salio likibaki makato ya miezi mitatu hivi, andika barua mapema kupitia kwa mwajiri ukiambatanisha slipu. Makato hayajizimi yenyewe kwa wakati, na kudai kilichozidi ni safari ndefu kuliko kukizuia.