Samaki pundamilia na neva zinazojua pa kwenda

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanamjua vizuri: mdogo kama dagaa, ana mistari ya buluu ubavuni, na asili yake ni mito na madimbwi ya India, Nepal na Bangladesh. Katika maabara za neva ni mnyama anayetegemewa sana, na sababu kubwa ni mayai yake. Samaki pundamilia hutaga majini, mara nyingi mwanga wa asubuhi unapoingia, na kiinitete chake kinapitisha mwanga. Humpasui mama, hulipasui yai. Unaliweka chini ya hadubini na kutazama. Katika maji ya nyuzijoto 28.5, saa 24 tu baada ya yai kurutubishwa, macho yanaonekana, moyo unaanza kudunda na mkia unarukaruka.

Aliyempa samaki huyu hadhi ya kisayansi ni George Streisinger, mzaliwa wa Budapest, wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani. Alitoka kwenye utafiti wa virusi vinavyoshambulia bakteria, akatafuta mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye jeni zake zingechunguzwa bila taabu kubwa. Mwaka 1981 alichapisha njia ya kupata kloni za samaki hawa, yaani samaki wenye jeni zilezile. Alifariki 1984.

Chuoni hapohapo ndipo mtafiti wa neva Judith Eisen alipofanyia kazi iliyomjengea jina. Shahada ya uzamivu aliifanya kwa Eve Marder katika Chuo Kikuu cha Brandeis, akichunguza fundo la neva zipatazo 30 zinazoendesha tumbo la kambakoche. Ukizoea mfumo wenye neva chache hivyo, kila moja unaijua kwa sura. Jicho hilo alihamia nalo kwa samaki.

Mwaka 1986, Eisen pamoja na Paul Myers na Monte Westerfield walitia rangi ndani ya neva za misuli za viinitete vilivyo hai, kisha wakafuatilia zinavyoota. Katika kila pingili ya mwili, kila upande, walizitambua neva tatu kubwa. Nyuzi zao huanza kwa kupita njia moja hadi mahali fulani, halafu zinaachana: moja inashuka kwenye misuli ya tumboni, ya pili inapanda mgongoni, ya tatu inaingia katikati. Hazitangitangi.

Je, neva inazaliwa na ramani yake, au inaelekezwa na mahali ilipo? Jaribio lililojibu swali hilo, lililochapishwa 1991, kwangu ndilo bora katika kazi yake yote. Eisen aliing'oa neva moja, moja tu, na kuipandikiza mahali pa mwenzake. Ikihamishwa saa mbili au tatu kabla ya kuanza kuotesha uzi, inafuata njia ya makazi mapya. Ikihamishwa saa moja tu kabla, inashika njia ya kule ilikotoka. Uamuzi basi unafanyika ndani ya dirisha la saa chache, na tena kabla uzi wenyewe haujaonekana.

Baadaye Eisen alirudi tumboni, safari hii utumbo wa samaki. Kuna watoto wanaozaliwa bila neva kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Choo hakipiti, na huhitaji upasuaji. Ni ugonjwa wa Hirschsprung. Samaki wenye hitilafu katika jeni iitwayo sox10 nao hukosa neva za utumbo. Mwaka 2017 Eisen na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa samaki hao huvurugika na utumbo kuvimba. Bakteria hao wakihamishiwa kwa samaki asiye na hitilafu hiyo, aliyelelewa bila vijidudu, naye anavimba.

Tusimfanye samaki kuwa binadamu, lakini. Karibu asilimia 70 ya jeni zetu zina jamaa zao kwake, ila ubongo wake hauna lile gamba la matabaka tulilonalo sisi. Kichwa cha habari kikitangaza dawa iliyopatikana kwa samaki, subiri kwanza majaribio kwa watu.

Kazi ya 2022 ya kundi la Eisen imefika ubongoni kabisa. Vifaranga walionyimwa bakteria katika siku zao za mwanzo walikuja kuwa wazito wa kuchangamana na wenzao, hata baada ya kurudishiwa bakteria. Katika ubongo wa mbele, seli zinazopogoa matawi ya neva zilikuwa chache, na matawi yalikuwa mengi kupita kiasi.