Je, wajua kwa nini kifaranga wa siku moja huvumilia njaa ya safari lakini havumilii baridi ya usiku mmoja?

Maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu ubavuni hupakiwa kwenye mabasi mjini Kampala na kupelekwa Arua, Kabale, Kasese au Busia. Boksi la kawaida huwa na vyumba vinne, na kila chumba hubeba vifaranga 25 waliototolewa siku hiyo au jana yake. Humo ndani hamna maji wala punje ya chakula, na bado, baada ya safari ambayo kwa Arua au Kabale huzidi kilomita 400, vifaranga hushuka wakiwa wachangamfu, wakilia na kudonoadonoa ukingo wa boksi. Ajabu ni kwamba vifaranga haohao, wakiisha kufika nyumbani na kuwekewa maji safi na chakula tele, huweza kukutwa asubuhi wamelaliana kwenye pembe ya chumba, na waliokuwa chini wamekufa. Mfugaji mgeni huamini kwamba ameuziwa vifaranga wagonjwa. Mara nyingi hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Waliishi siku nzima bila chakula kwa sababu walikuwa na akiba yake, wakafa kwa baridi kwa sababu akiba ya joto hawana.

Akiba hiyo ya chakula ni kiini cha yai. Yai la kuku huatamiwa kwa siku 21, na katika muda huo wote ute na kiini ndivyo vinavyojenga mwili wa kifaranga. Hata hivyo, kiini hakimaliziki. Inapokaribia siku ya 19 au ya 20, sehemu iliyosalia huvutwa polepole kupitia kitovu na kuingia tumboni, kisha kitovu hufunga. Wakati huohuo kifaranga hutoboa utando wa ndani, akavuta pumzi yake ya kwanza kutoka kwenye mfuko wa hewa ulio upande mpana wa yai, na ndipo aanze kugonga ganda kwa kile kijino kigumu kilicho juu ya mdomo wake. Anapotoka nje akiwa na uzito wa gramu 40 hivi, gramu kadhaa kati ya hizo ni kiini alichobeba tumboni, chenye mafuta na protini za kumtosha siku mbili, pengine hata tatu.

Sababu ya maumbile kumpangia hivyo huonekana wazi mtu akimtazama koo wa kienyeji nyuma ya jiko. Kuku hutaga yai moja kwa siku, na wakati mwingine huruka siku. Kwa hiyo mayai 12 humchukua karibu wiki mbili. Haanzi kuatamia kwa dhati mpaka idadi imeridhisha, na kwa njia hiyo mayai yote huanza kukua karibu wakati mmoja, ingawa hayaanguliwi saa moja. Wa kwanza huweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima au zaidi. Kama yule wa kwanza angekuwa na njaa mara tu anapotoka, mama angelazimika kuondoka kiotani kumtafutia chakula, na mayai yaliyobaki yangepoa kabla ya kuanguliwa. Kiini kilichomo tumboni ndicho kinachompa mama nafasi ya kukaa palepale mpaka mdogo wa mwisho atoke. Wenye mashine za kutotolea mayai hawakubuni safari ya vifaranga. Waliazima muda huo wa kungojana.

Si kila ndege amepewa zawadi hiyo. Njiwa huanguliwa akiwa karibu uchi, macho yamefumba, hawezi kusimama, na wazazi wake humlisha kinywani kwa siku nyingi. Kifaranga wa kuku hutoka macho wazi, amevaa vinyoya laini, na baada ya saa chache hutembea na kujidonolea mwenyewe. Mwili uliokamilika kiasi hicho unahitaji yai lenye kiini kikubwa zaidi kwa kulinganisha na ukubwa wake. Nadhani ukamilifu huo ndio unaotudanganya wafugaji, maana kiumbe anayekimbia na kujilisha siku ya kwanza huonekana kama mtu mzima mdogo, na hatumdhanii kwamba bado amepungukiwa na jambo kubwa.

Ni lazima kusema hapa kwamba kuwapo kwa kiini si ruhusa ya kuwashindisha vifaranga na njaa. Kiini humzuia kufa, lakini utumbo wake hukua haraka zaidi pale chakula halisi kinapopita ndani yake, na kifaranga aliyekula mapema hata hukitumia kiini chenyewe vizuri zaidi kuliko aliyecheleweshwa. Maji nayo humwishia haraka, hasa ndani ya boksi lenye joto. Basi boksi likifika, kwanza ni maji ya uvuguvugu, ambayo wengi huyatia glukosi kidogo, na kila kifaranga achovywe ncha ya mdomo mara moja ili ajue maji yalipo. Chakula kifuate, kikiwa kimetandazwa kwenye sinia au karatasi ambapo macho yake yatakiona. Jioni hiyo, mshike mmoja mmoja kumi au kumi na watano kati yao na uguse kile kifuko kilicho chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na ni laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila kunywa. Kikiwa kitupu, kuna tatizo, na tatizo lenyewe mara nyingi ni joto.

Kuku mzima huwa na joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na hulilinda kwa manyoya mengi, mafuta chini ya ngozi na mwili mkubwa unaopoa taratibu. Kifaranga mwenye afya hukaa karibu na nyuzi 40, lakini hana kimojawapo cha vitu hivyo. Vinyoya vyake humfaa vikiwa vikavu tu. Mwili wake ni mdogo mno, na kitu kidogo hupoa haraka kuliko kikubwa, kama vile chai ya kikombe inavyopoa ilhali ya birika bado ina moto. Zaidi ya hayo, uwezo wa mwili wake kuzalisha joto na kulirekebisha bado haujakomaa. Hukomaa kidogo kidogo katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Kabla ya hapo, joto lake hufuata joto la mahali alipo. Akipoa, huzubaa, haendi kwenye chakula, kiini hakitumiki ipasavyo, na kinyesi humganda nyuma. Huenda asife usiku huo. Hufa siku ya nne au ya tano, na mwenyewe akatafuta ugonjwa ulioingia jana.

Kwa hiyo mahali pa kulelea vifaranga, ambapo wafugaji wengi hupaita bruda, huhitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Tazama hesabu hiyo na mahali tunapoishi. Usiku wa kawaida wa Kampala huwa na nyuzi 17 au 18. Kabale, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huteremka hadi nyuzi 10 au 12. Arua una ahueni ya mchana, lakini mvua ya alfajiri ikinyesha kwenye mabati, ahueni hiyo huisha. Hakuna mji wa Uganda ambao usiku wake unamtosha kifaranga wa siku moja bila msaada.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunaposikia neno joto tunafikiria kupasha chumba kizima. Koo hafanyi hivyo. Yeye huinua mbawa, vifaranga huingia chini ya kifua chake ambako ngozi haina manyoya mengi, wakapata moto, kisha wakatoka kukimbilia chakula kwenye hewa ya kawaida, na wakihisi baridi wakarudi. Joto la mama ni mahali pa kurudia. Bruda nzuri huiga jambo hilo: katikati au upande mmoja pana moto, na kadiri kifaranga anavyosogea mbali, joto hupungua, ili achague mwenyewe panapomfaa. Kwa vifaranga 50, mduara wenye upana wa mita moja na nusu hivi unatosha kwa siku za mwanzo, ukizungushiwa ubao mwembamba, mabati au mkeka wa mafunjo wenye kimo cha nusu mita. Uwe mduara kwa makusudi, maana penye pembe ndipo wanapobanana wakiogopa au wakihisi baridi, na ndipo wanapouana kwa uzito wa miili yao.

Chanzo cha moto kwa wengi wetu ni sigiri ya makaa, au chungu kikubwa chenye makaa ndani yake, kwa sababu umeme hukatika na si kila nyumba inao. Hufaa, kwa sharti moja ambalo nalisisitiza kwa moyo wote. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo huendelea kutoka hata baada ya moshi kwisha. Yawashwe nje mpaka yashike vizuri, yaingizwe yakiwa yamezungushiwa waya au matofali ili vifaranga wasiungue, na sehemu ya juu ya ukuta iachwe wazi ili hewa ipite bila upepo kuwapiga vifaranga chini. Kuziba kila tundu kwa gunia ili joto lisipotee ni kosa linaloua vifaranga, na linaweza kumwua pia mtu anayelala humo kuwalinda. Mtu asilale katika chumba chenye sigiri, hata kwa usiku mmoja.

Kipimajoto kikiwapo, kiwekwe kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga. Kisipokuwapo, vifaranga wenyewe husomeka. Wakirundikana chini ya moto huku wakilia kwa sauti kali isiyokoma, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, mbawa zimeachana na midomo i wazi wakitweta, moto umezidi. Wakijibana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wakinyoosha mguu mmoja na kulala ubavu, na sauti ikiwa ya chini ya kuridhika, basi waache hivyo. Ukaguzi wenye thamani kuliko wote ni wa saa nane au saa tisa usiku, makaa yanapokuwa majivu.

Sakafu ipashwe moto saa kadhaa kabla ya boksi kufika, kwa kuwa kifaranga hupoteza joto jingi kupitia miguu na tumbo. Kwa matandiko, wanaoishi karibu na mashine za kukoboa hutumia makapi ya kahawa, na upande wa Butaleja na Bugiri makapi ya mpunga hupatikana kwa urahisi. Maranda ya mbao pia ni mazuri. Unene wa sentimita 5 hivi unatosha, mradi yawe makavu, kwani matandiko yaliyolowa humpoza kifaranga na huzalisha vijidudu vya koksidia vinavyoleta kuhara damu. Chombo cha maji kiwe na mdomo mwembamba, au kitiwe kokoto safi, ili kifaranga anywe bila kuoga.

Kiini hubeba kitu kingine pia: kinga ya mama. Kuku aliyepata chanjo au aliyewahi kupona ugonjwa huipitisha kinga yake kwa watoto kupitia kiini, nayo huwalinda kwa muda wa wiki chache huku ikififia. Kwa sababu hiyo chanjo huwa na kalenda. Ikitolewa mapema mno, kinga ya mama huweza kuizima. Ikichelewa, kifaranga hubaki wazi mbele ya magonjwa ya kuku yaitwayo mdondo na gumboro. Ya mdondo kwa kawaida huanza wiki ya kwanza na hurudiwa, na ya gumboro hufuata karibu na wiki ya pili, lakini afisa wa mifugo wa gombolola, yaani sehemu ya wilaya, ndiye anayejua hali ya eneo lako.

Mwenye vifaranga kumi au kumi na watano, naye ana koo anayeatamia, hana haja ya sigiri. Awaingize vifaranga chini yake usiku wa giza, akiondoa mayai kwa utaratibu, na mara nyingi kufikia asubuhi atakuwa amewapokea kama wake. Wa bruda nao huanza kuota manyoya ya kweli mbawani katika wiki ya kwanza, na mwili mzima huwa umefunikwa kwenye wiki ya tano au ya sita. Moto huondolewa mchana kwanza, kisha usiku wenye joto, na mwishowe usiku wote. Koo hufanya vivyo hivyo kwa njia yake: siku moja kifaranga mkubwa hujisukuma chini ya ubawa, naye humdonoa kichwani na kuondoka.