Sahara: nchi inayoishi kwa maji ya kale

Ramani nyingi huipaka Sahara rangi moja ya njano, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Shamu, na msomaji huondoka akidhani ameona mchanga mtupu. Sisi tunaoisoma jiografia yake kwa kazi rangi hiyo hutukera. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba milioni 9, karibu sawa na Marekani nzima, na matuta ya mchanga hayafiki hata theluthi yake. Sehemu kubwa ni tambarare za changarawe, ziitwazo reg, na nyanda za mwamba mtupu ziitwazo hamada. Bahari za mchanga, yaani erg, zimejikusanya kwenye mabonde ambako upepo hupungua nguvu na kuutua mzigo wake. Katikati kuna milima mikubwa: Hoggar kusini mwa Aljeria, Aïr nchini Niger, na Tibesti kaskazini mwa Chad, ambako volkano ya Emi Koussi imepanda zaidi ya mita 3,400. Misri nako, Bonde la Qattara limezama mita 133 chini ya usawa wa bahari.

Kwa hiyo anayetaka kuijua nchi hii na watu wake namshauri auache mchanga afuate maji. Atakuta kwamba maji mengi yanayonywewa huko leo yalinyesha kabla ya Mafarao.

Ukame wenyewe unatokana na safari ya hewa. Jua la ikweta huipasha hewa joto. Hewa hupanda, hupoa, na kumwaga mvua yake juu ya misitu ya Kongo na pwani ya Guinea. Ikiisha kukamuliwa hivyo, husafiri juu angani kuelekea kaskazini na kushuka karibu na Tropiki ya Kansa. Hewa inayoshuka hugandamizwa, ikigandamizwa hupata joto, na palipo na hewa ya namna hiyo mawingu hayaumbiki kwa urahisi. Mara nyingi husikia watu wakisema kwamba Sahara ni kavu kwa sababu iko mbali na bahari. Kwa maeneo ya ndani wana haki kiasi, ila hebu watazame pwani ya Mauritania: Atlantiki ipo pale pale, na jangwa linaanzia ufukoni. Mkondo baridi wa Canary unaopita kando ya pwani hiyo ndio kwanza unauzidishia ukavu.

Hali haikuwa hivi siku zote. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua zaidi ya miaka 20,000. Kati ya takriban miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, kizio cha kaskazini kilipata jua kali zaidi wakati wa kiangazi chake, nazo pepo za mvua kutoka Atlantiki zikapenya mbali ndani ya bara. Ziwa Chad lilipanuka likawa kubwa karibu mara tano ya Ziwa Viktoria la leo. Kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Aljeria, kuna michoro zaidi ya 15,000, na humo utaona viboko, mamba na makundi ya ng'ombe wenye madoa. Mamba wachache hata walibaki: katika dimbwi la Archei, kwenye milima ya Ennedi nchini Chad, wako wanaoishi wametengwa na wenzao kwa mamia ya kilomita za ukavu.

Ziwa lile kubwa lilipokauka, sakafu yake ya kaskazini iligeuka kuwa bonde la Bodélé, linalotoa vumbi kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Upepo hubanwa kati ya Tibesti na Ennedi, ukitoka hapo una kasi, na unachokizoa ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyoishi ziwani. Sehemu ya vumbi hilo huvuka Atlantiki na kuangukia Amazon likiwa na fosforasi, rutuba ambayo udongo wa msitu ule hupokonywa na mvua kila mwaka.

Mvua za enzi ile, pamoja na za enzi nyevu zilizoitangulia, zilizama pia ardhini. Chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad kuna tabaka la mawe ya mchanga la Nubia, lililoshika maji, lenye eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2. Magharibi yake liko jingine linalogawanywa na Aljeria, Tunisia na Libya. Haya ni maji ya akiba: la Nubia halirudishiwi karibu chochote, na hilo la magharibi hurudishiwa kidogo tu.

Namna watu walivyoyafikia maji hayo ndiyo sehemu ya Sahara ninayoipenda kuliko zote. Katika Touat, Gourara na Tidikelt, kusini-magharibi mwa Aljeria, walichimba foggara. Hili ni handaki jembamba lenye mteremko mdogo sana, linaloanzia kwenye tabaka la maji chini ya uwanda wa Tademaït na kutokea bustanini, pengine kilomita kadhaa mbele. Juu yake kuna msururu wa visima vya wima vya kutolea udongo na kuingizia hewa, na ukivitazama kutoka angani vimepangana mithili ya vichuguu. Hakuna kamba wala mnyama wa kuvuta. Maji hushuka yenyewe, usiku na mchana, kwa kiasi kile kile ambacho mwamba unakubali kutoa.

Yanapotokeza juu hupita kwenye kasria, kizuizi cha jiwe chenye meno kama kitana, na kila mwanya hupeleka maji kwa mwenye haki yake. Fungu la maji hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, na huandikwa kwenye daftari la kijiji. Mpimaji hutumia kibati cha shaba chenye matundu ya ukubwa tofauti, na neno lake humaliza ugomvi. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ujuzi wa wapimaji hao kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana vijana wa kuurithi ni wachache na foggara nyingi zimekauka.

Nisiifanye kuwa hadithi tamu, hata hivyo. Mahandaki yale yalichimbwa na kusafishwa kwa kiasi kikubwa na watumwa na Waharatini, watu weusi wa bustanini ambao kwa vizazi vingi walilima mitende isiyo yao kwa maji yasiyo yao. Alama za mpangilio huo bado zimo katika umiliki wa ardhi na katika ndoa. Mauritania ilipiga marufuku utumwa mwaka 1981, ikiwa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo, na haikuufanya kosa la jinai mpaka 2007.

Biashara ya misafara nayo ilifuata visima. Ngamia alipoenea katika karne za mwanzo baada ya Kristo, Sahara ikapitika: chumvi ikishuka kusini, dhahabu na watumwa wakipanda kaskazini. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita Taghaza, machimbo ya chumvi yaliyo kaskazini mwa Mali ya leo, mwaka 1352 alikuta nyumba na msikiti wa matofali ya chumvi, mapaa ya ngozi za ngamia, na watumwa wakichimba chumvi mahali pasipoota hata mti mmoja. Wafugaji wa jangwani, yaani Watuareg, Watubu wa Tibesti na Wamoor wa magharibi, walijua visima vyote, wakawalinda wasafiri au wakawatoza. Mipaka ya wakoloni iliwakata vipande vipande. Watuareg peke yao wamegawanyika hasa kati ya Aljeria, Libya, Mali, Niger na Burkina Faso.

Leo wakazi wengi wa Sahara si wahamaji tena. Nouakchott ilikuwa kijiji kidogo ilipochaguliwa kuwa mji mkuu wa Mauritania mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukame wa miaka ya 1970 uliua mifugo, wafugaji wakahamia mjini na mahema yao, na sasa jiji lina zaidi ya watu milioni moja. Kwingineko miji ilifuata mafuta, kama Hassi Messaoud tangu 1956, au urani, kama Arlit nchini Niger.

Miji hiyo ilileta visima virefu na pampu, na hapo hesabu ya maji ikabadilika. Libya ilianza mradi wake wa Mto Mkubwa wa Kutengenezwa mwaka 1984, na mabomba yake yakafikisha maji ya kale Tripoli mwaka 1996. Katika tabaka la magharibi, kufikia mwaka 2000 uchotaji ulikuwa umeshazidi mara mbili ya kile kinachorudi.

Kioja kikubwa kimo El Oued, Aljeria. Wakulima wa huko hawakumwagilia mitende. Walichimba mashimo mapana mchangani, yaitwayo ghout, hadi karibu na maji, wakapanda chini ili mizizi ijinywee yenyewe. Kisha mji ukapata maji ya visima virefu bila kuwa na mabomba ya kutosha ya majitaka. Maji yaliyotumika yakazama, maji ya ardhini yaliyo karibu na uso yakapanda, na maelfu ya mitende ikafa kwa kuzamishwa, jangwani.

Mwaka 2013 nchi nne za tabaka la Nubia zilitia saini mpango wa pamoja wa kulisimamia. Ni hatua nzuri, ila makaratasi ya serikali hayafiki mbali kama kisima cha mkulima, na visima vingi vipya sasa vinaendeshwa kwa sola. Pampu ya dizeli ilikuwa angalau na breki yake, bei ya mafuta. Ya sola huzunguka bure tangu jua linapochomoza. Kwa maoni yangu, kinachohitajika kwenye kila kisima cha namna hiyo ni mita, na mtu wa kijijini anayeheshimika wa kuisoma. Touat walikuwa na mtu huyo kwa karne nyingi, na kazi yake ingeweza kuhamishiwa kwenye pampu kama serikali zingekubali kumlipa.