Herufi nyekundu kwenye shuka jeupe: dhana potofu kuhusu vitambaa vya kale vya Kifaransa

Picha zake mnazijua: shuka zito jeupe limetandazwa vizuri, pembeni herufi mbili zimedariziwa kwa uzi mwekundu, na chini yake maelezo kwamba bibi fulani wa kijijini Ufaransa alilishona kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Hadithi ikikolea, bei nayo inapanda. Mimi ni mpenzi wa vitambaa hivi na uzuri wake siupingi. Ninachopinga ni hadithi, maana inaficha kazi iliyofanyika kweli, na mnunuzi anaishia kulipia kisichokuwepo huku akiharibu kilichopo.

"Kila shuka la kale la Kifaransa ni la kitani"

Mengi si ya kitani. Kitani chenyewe hutokana na mmea mwembamba wenye maua ya buluu, na hadi leo Ufaransa ndiyo inayoongoza duniani kwa kuulima, hasa Normandy na mikoa ya kaskazini. Hupandwa Machi au Aprili. Ukikomaa haukatwi, hung'olewa na mizizi yake ili nyuzi zibaki ndefu, kisha hulazwa palepale shambani wiki kadhaa, umande na vijidudu viozeshe ule utomvu unaoshikilia nyuzi kwenye shina.

Lakini familia nyingi za wakulima zilikuwa na kipande chao cha chanvre, mmea wa nyuzi ambao ni jamii moja na bangi. Kwa hiyo bibi yule mcha Mungu wa kwenye hadithi huenda alilalia bangi maisha yake yote bila kuivuta hata mara moja. Baadaye pamba iliposhuka bei, viwanda vikaichanganya na kitani, na kitambaa hicho mchanganyiko kikaitwa métis. Nacho ni kizuri, kinadumu, ila si kitani tupu. Anayechagua mashuka ya mitumba Karume au Gikomba hutambua poliesta kwa vidole tu. Kutofautisha kitani na chanvre kilichofuliwa miaka mingi ni kazi ya hadubini. Muuzaji akiapa kwamba ni kitani halisi, muulize amejuaje.

Na ukikuta mshono unaopita katikati ya shuka kutoka juu hadi chini, usidhani limeraruka likashonwa. Kitanda cha mfumaji wa mkono, yaani mtambo wake wa kufumia, kilikuwa chembamba, hivyo vipande viwili viliunganishwa kupata upana wa kitanda cha kulalia. Sehemu ya katikati ikichakaa, mshono ulifumuliwa, kingo za nje zikaletwa katikati, na shuka likaanza maisha mapya.

"Herufi zile ni nembo ya ukoo wa kifahari"

Hapa ndipo hadithi inapokosea zaidi, na ukweli wake unapendeza kuliko uongo. Herufi zile zilikuwa alama ya kufulia.

Kabla ya mashine za kufua, kaya nyingi za vijijini Ufaransa zilifanya ufuaji mkubwa, grande lessive, mara chache tu kwa mwaka, aghalabu majira ya kuchipua na ya vuli. Mashuka yalipangwa ndani ya pipa kubwa la mbao, juu yake kikatandikwa kitambaa kinene chenye majivu ya kuni. Maji ya moto yakamwagwa juu, yakapita kwenye majivu, yakatoka chini yakiwa makali kama ya magadi, yakapashwa moto tena na kumwagwa upya, saa baada ya saa. Kisha mashuka yakasuuzwa kwa maji baridi na kutandazwa kwenye majani, jua liyang'arishe. Kuna maeneo ambako siku tatu za kazi hiyo ziliitwa toharani, jehanamu na peponi, na sidhani kama wanawake walioziita hivyo walikuwa wanatania sana.

Ukifua mara mbili kwa mwaka, unahitaji mashuka ya kutosha miezi sita. Ndiyo maana binti aliandaliwa dazeni za mashuka na foronya kabla ya kuolewa, hata katika nyumba isiyo na kingine cha kujivunia. Na nguo za kaya nyingi zikisuuzwa sehemu moja, bila alama hakuna anayejua lake. Binti alitia herufi za jina lake, au ya ukoo wake na ya mumewe pamoja. Pengine utaona namba ndogo kando yake: hiyo ilisaidia kuhesabu, na kuhakikisha mashuka yanatumika kwa zamu ili yachakae sawasawa.

Wekundu nao haukuwa wa mapenzi. Uzi wa pamba uliotiwa rangi ya mizizi ya mmea uitwao garance, kwa ufundi uliotoka upande wa Uturuki, ulistahimili majivu na maji ya moto wakati rangi nyingine zilichuja. Mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani, Graebe na Liebermann, waliitengeneza rangi hiyo maabara, ikawa rahisi zaidi kupatikana.

Kuna matajiri waliodarizi herufi nyeupe juu ya nyeupe, kubwa, zenye maua na mataji. Hizo ni za kujionyesha, nakubali. Zile ndogo nyekundu za mshono wa msalaba ni za kazi.

"Bibi zao walizaliwa na kipaji"

Walifundishwa, tena kwa sheria. Sheria ya elimu ya Machi 28, 1882, ile ya Jules Ferry iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, iliweka kwenye mtaala mazoezi ya kijeshi kwa wavulana na kazi za sindano kwa wasichana. Msichana alidarizi alfabeti na tarakimu kwenye kitambaa cha mazoezi kiitwacho marquoir, na kwa hicho akajifunza kutia alama kwenye nguo za nyumba. Sisi tuliokua tukiona foronya zilizoandikwa "Lala salama" tunajua mkono wa namna hiyo huja kwa kukaripiwa na kufumua.

Na si kila bibi arusi aliyejidarizia. Nguo nyingi za maharusi wenye uwezo zilidariziwa na wasichana wa nyumba za watawa na wanawake waliolipwa kwa kipande, au zilinunuliwa tayari kwenye maduka makubwa ya Paris kama Le Bon Marché. Majina ya mafundi hao hayapo kwenye kitambaa. Yaliyopo ni ya mteja.

"Cha kale hakikuguswa na mashine"

Josué Heilmann wa Mulhouse alibuni mashine ya kudarizi mwaka 1828. Lesi ya mashine ya Calais nayo ina umri wa karibu karne mbili. Kwa hiyo kitambaa cha miaka mia moja kinaweza kabisa kuwa cha kiwandani. Ukitaka kipimo cha kazi ya mkono, itazame lesi ya sindano ya Alençon, iliyoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010: sentimita moja ya mraba huchukua takriban saa saba. Anayekuuzia kitambaa kizima cha meza cha namna hiyo kwa bei ya chakula cha mchana anakuuzia kitu kingine.

"Manjano yanaondoka kwa jiki"

Yanaondoka pamoja na kitambaa. Klorini hula nyuzi zenyewe, na shuka lililovumilia miaka themanini linaweza kutoboka baada ya kufuliwa hivyo mara chache. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, badilisha maji kila yanapogeuka rangi, kisha anika juani kikiwa kimelowa. Usiogope maji, kitani huwa imara zaidi kikilowa. Lakini ujaribu kwanza uzi mwekundu kwa pamba nyeupe yenye maji, maana si kila mwekundu ni wa zamani. Piga pasi kikiwa na unyevu, upande wa nyuma, juu ya taulo, udarizi usibonyee.

Ukikihifadhi usitie wanga, wadudu huufuata. Kwa wanaoishi pwani, hakikisha kimekauka kabisa kabla ya kukifungia kabatini, na kila baada ya miezi kadhaa kikunjue ukunje upya mahali pengine. Kitani hukatikia kwenye mkunjo.