Mtoto kazaliwa Mombasa, urais wa Marekani anaweza kugombea?

Juzi kaja mama mmoja ofisini kwangu, Mmarekani wa kuapa, yaani aliomba uraia akala kiapo, ila Kiswahili chake cha Mombasa hakijatikisika hata kidogo, kaweka bahasha mezani, ya mtoto aliyemzaa huko nyumbani alipoenda kujifungulia kwa mamake. Akaniuliza, "Wakili, huyu kwa urais ndio basi tena?" Mtoto ana miezi minane. Nikamwambia mama hilo swali ni zito, Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe haijawahi kulijibu.

Katiba yao inataka rais awe na miaka 35, awe ameishi nchini miaka 14, na awe raia wa kuzaliwa, basi, hayo maneno ya mwisho Katiba yenyewe haijayafafanua. Tunajua tu Julai 1787 John Jay, mmoja wa waasisi wa taifa lile, alimwandikia George Washington barua akihofia mgeni asije akakabidhiwa jeshi, na neno "kuzaliwa" akalipigia mstari chini.

Wengi wanadhani lazima uzaliwe ndani ya ardhi ya Marekani. Mimi siamini hivyo, na wanasheria wengi wa fani hii hawaamini pia. Cha kuuliza ni hiki, ulitoka tumboni ukiwa tayari raia au uraia ulikuja kuuomba ukubwani? Arnold Schwarzenegger, yule mwigizaji mzaliwa wa Austria aliyekuwa gavana wa California, aliuomba, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Ted Cruz, seneta aliyewania urais 2016, kazaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, baba Mcuba lakini mama Mmarekani, na mwaka huo huo wa 2016 jaji wa Pennsylvania akasema anafaa kugombea, mahakama ya juu ya jimbo ikakubali.

Ila kesi inayoninyima usingizi ni ya John McCain, seneta aliyegombea urais 2008. Kazaliwa Agosti 1936 Coco Solo, kambi ya jeshi la majini la Marekani kwenye Ukanda wa Mfereji wa Panama, eneo lililokuwa chini ya Marekani wakati huo, wazazi wote wawili Wamarekani, utasema hapo kuna tatizo gani? Profesa wa sheria Gabriel Chin akachimba akaonyesha kuwa sheria iliyowapa uraia watoto wa ukanda ule ilipita 1937, maana yake ukiisoma sheria neno kwa neno, siku anazaliwa hakuwa raia! Seneti mwaka 2008 ikapitisha azimio kwamba anafaa, hakuna aliyepinga, hata Barack Obama na Hillary Clinton, waliokuwa wakiwania urais huo huo, walikuwa kati ya waliolidhamini, lakini azimio sio sheria. Waliokimbilia mahakamani wakaambiwa nyinyi wapiga kura wa kawaida hamna haki ya kushtaki. Hapa ndipo panaponiuma, maana kama mpiga kura hana haki basi nani anayo, tunasubiri mpaka mtu ashinde ndio tuanze kubishana?

Nikamrudia mama. Kwa mtoto wako, nikamwambia, tuanze na uraia kwanza. Wewe uliapa kabla hajazaliwa, hiyo iko sawa, sasa, kama baba yake si Mmarekani, inabidi uonyeshe kuwa kabla hajazaliwa ulikuwa umeishi Marekani miaka 5, na miwili kati ya hiyo uwe ulishatimiza miaka 14, na zile safari zote za likizo Mombasa tunazitoa kwenye hesabu. Akafungua bahasha, akatoa ripoti za shule za sekondari, zimekunjika pembeni, na pasipoti mbili za zamani zimejaa mihuri. Tukachukua kalamu tukaanza kuhesabu siku.