Mini haikuuawa na Metro

Wengi husimulia kwamba gari dogo la Austin Metro lilipotoka Oktoba 1980, Mini ya zamani, gari dogo la Kiingereza, ikawa imefika mwisho. Si kweli, na inaniuma kusikia gari hili likizikwa mapema hivyo.

Ni kweli kwamba British Leyland, kampuni iliyotengeneza Mini, ilitaka kuwarudisha wateja waliokuwa wakihamia magari mapya madogo yenye mlango wa nyuma, na Metro ikaundwa kwa kazi hiyo. Lakini Mini iliendelea kutoka kiwandani Longbridge, Birmingham, kule kule Metro ilikounganishwa. Tena Metro yenyewe ilianza na injini ya ukoo uleule wa Mini, uitwao A. Fungua boneti ya Mini uone: injini imelazwa kwa upana, giaboksi iko chini yake, na vyote viwili vinatumia oili moja. Ndivyo Alec Issigonis, mbunifu wa Mini, alivyopata nafasi ya watu wanne ndani ya gari la takriban mita 3, lililozinduliwa Agosti 1959 kwa majina ya Austin Seven na Morris Mini-Minor.

Miaka ya 1990 Wajapani waliipenda mno, na oda zao zilisaidia kuiweka hai. Metro, ambayo baadaye iliitwa Rover 100, ilisimamishwa kwanza. Mini ya mwisho, nyekundu ya toleo la Cooper, ilitoka Longbridge Oktoba 2000, baada ya magari zaidi ya milioni 5.3. Mini ya BMW ya mwaka 2001 ni gari jingine kabisa.